Kioo cha Dirisha Mbele ya Macho ya Shemeji

Mpendwa Bibi Zabibu, mshauri wetu sisi wasomaji wa Bukoba na Muleba,

Kwa heshima nyingi nabisha hodi katika safu yako, nikiomba unisaidie shauri kabla ya Pasaka, kwa maana baada ya Pasaka shauri halitakuwa na faida tena. Mimi ni mtumishi wa chumba cha eksirei katika hospitali moja ya Muleba, ambayo jina lake nalihifadhi. Masomo yangu yalikomea darasa la nne, na Kiswahili hiki nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma magazeti ya zamani niliyofungiwa chumvi dukani, hivyo ukikuta kosa la uandishi uniwie radhi, lakini kosa la ukweli sitalitia humu kwa makusudi.

Habari yenyewe inahusu macho ya shemeji yangu, Daktari Rugaibula, mume wa dada yangu Alistidia, muramu wangu kama tusemavyo kwetu, ambaye ni daktari wa kifua na moyo, na ambaye ndiye aliyenipatia kazi hii nilipokuwa sina jingine ila kupalilia migomba ya baba, na kwa sababu hiyo ninamheshimu kazini kama mkubwa wangu na nyumbani kama ndugu, na heshima hizo mbili sasa zinavutana ndani yangu.

Ili uelewe, sharti nieleze kazi yetu ilivyo. Mgonjwa husimama kati ya taa ya mionzi na karatasi maalumu ya kumulikia, ing'aayo ikipigwa na mionzi na iliyofunikwa kwa kioo, naye daktari husimama upande wa pili wa kioo hicho, uso wake karibu sana nacho, akitazama gizani moyo wa binadamu ukipiga mfano wa kivuli chenye rangi ya kijani. Macho yasipozoea giza hayaoni kitu, kwa hiyo daktari huvaa miwani nyekundu muda mrefu kabla ya kuingia, naye shemeji alikuwa akizunguka nayo wodini kila asubuhi, hata watoto wa wagonjwa wakamwita Daktari Macho ya Moto, na yeye akiwakimbiza kwa mzaha. Kioo nilichokitaja si kioo cha kawaida. Ni kizito, kimechanganywa na madini ya risasi, ili mionzi ikishapita katika kifua cha mgonjwa iishie hapo, isimfikie usoni anayetazama.

Wananchi walipojenga jengo jipya la hospitali kwa kazi ya kujitolea, tuliihamisha mashine kwa mikono, tukaitua vibaya kizingitini, na kioo kile kikapasuka, ingawa karatasi ya kumulikia ilibaki nzima. Tuliomba kingine, tukajibiwa kwamba fedha za kigeni hakuna. Tukaomba tena, jibu likawa lile lile. Lakini wagonjwa hawakujua habari za fedha za kigeni, wao waliendelea kuja, kutoka Nshamba na Kamachumu, na wengine kwa mitumbwi kutoka kisiwa cha Bumbire, wakiwabeba watoto ambao koo liliwauma mwaka jana, ugonjwa ukawashukia moyoni, na mwaka huu hawawezi kupanda kilima bila kuketi. Basi Kamati ya Wafanyakazi ikakutana, akaletwa fundi wa vioo kutoka Kashai, akakata kioo cha dirisha kwa kipimo kile kile, kikaingia katika fremu bila kuchezacheza, na mashine ikawaka.

Bibi Zabibu, siku ile ilikuwa sikukuu. Katibu wa tawi la Chama alifika, akasimama mbele ya wagonjwa na watumishi, akasema, "Ndugu wananchi, hao wa ng'ambo walitaka tuwapigie magoti kwa ajili ya kipande cha kioo. Leo kioo kimetoka Kashai, na mashine inaona."

Watu wakapiga makofi. Shemeji alipotakiwa kunena, alisema neno moja tu, "Kioo hiki ni cha muda."

"Mmemsikia," akasema Katibu, "hata sifa anazikimbia." Makofi yakazidi, kwa kuwa walidhani ni unyenyekevu. Mwalimu wa shule ya msingi akaandika hati kubwa ya pongezi kwa rangi nyekundu na nyeusi, ikatundikwa barazani pale wagonjwa wanapongojea. Baada ya hapo hakuna aliyepata ujasiri wa kuandika barua ya kuomba kioo kingine, maana ingekuwa kama kuishusha hati ile ukutani.

Shemeji alijua kioo cha dirisha hakizuii mionzi. Hilo sitamsingizia wala sitamfichia. Siku ya kwanza ya kazi alitukusanya, mimi na muuguzi wetu Ephrasia, akasema, "Ninyi mtakaa nyuma ya ukuta. Mbele ya hiki kioo nasimama mimi peke yangu."

Ephrasia akamuuliza, "Na wewe je, Daktari?"

"Mimi watoto ninao tayari," akajibu, nasi tukacheka, naye akacheka, kisha akazima taa ya chumba. Tangu hapo alisimama peke yake, siku ya wagonjwa wachache na siku ya wagonjwa wengi, kwa miaka.

Utauliza kama hatukuwa na kipimo. Tulikuwa nacho. Kila mmoja wetu huvaa beji ya mionzi, ambayo ni kibati kidogo chenye kipande cha filamu ndani yake, na vipande hivyo hupelekwa Dar es Salaam kusomwa. Beji hiyo tuliivaa kifuani, chini ya aproni nzito ya risasi, kama tulivyofundishwa, na majibu yakarudi siku zote kwamba hatuna neno. Naam, kifua hakikuwa na neno. Uso haukuwa na beji.

Mabadiliko yalianza polepole kiasi kwamba sikuyaona yakianza. Shemeji akawa havui tena miwani nyekundu baada ya kazi, akawa anakwenda nayo hadi kanisani, na watu wakasema daktari amependa urembo. Dada akawa anamsomea gazeti kila Jumamosi, ikawa desturi kusema kwamba Daktari amechoka na ofisi. Kisha siku moja, tukiwa gizani na mtoto wa kike wa Bumbire amesimama mbele ya taa, aliniita kutoka nyuma ya ukuta kwa sauti ya chini.

"Njoo hapa. Unaona nini?"

"Naona moyo, Daktari."

"Hilo hata mama yake analijua. Upande wa kushoto unaishia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akakigusa kidole changu kwa kidole chake, ili ajue nimekiweka wapi. Hapo ndipo nilipofahamu. Tangu siku ile mimi ndiye jicho lake chumbani, hali mimi si daktari, ninajua tu kuwasha na kuzima, na kila ninapotamka "kipana" au "si kipana" juu ya kivuli cha moyo wa mtoto wa watu natokwa na jasho chini ya aproni. Mimi pia taa ya chemli nyumbani naiona siku hizi ikizungukwa na duara, lakini hilo nadhani ni moshi wa mafuta ya taa ya siku hizi.

Mwaka jana kioo halisi cha risasi kilitufikia, zawadi ya watu wema wa ng'ambo, tukakiweka mahali pake bila sherehe yoyote. Kile cha dirisha hakikutupwa. Vumbi lilikuwa limeanza kuila hati ya pongezi, basi wakakichukua wakaifunika nacho, na hadi leo kipo barazani, wagonjwa wakijitazama nyuso zao ndani yake wakati wa kungoja.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Mwezi uliopita alitufikia Ndugu Lukmani, mtaalamu wa mionzi kutoka Dar es Salaam, kijana mpole mwenye asili ya pwani, ambaye ametumwa kukadiria ni mionzi kiasi gani inayoyafikia macho ya madaktari wamulikao mioyo na vifua katika mkoa wetu. Alitueleza kwa ustaarabu kwamba jicho haliwezi kuvalishwa beji, kwa hiyo halipimwi bali hukadiriwa: taa inawaka kwa muda gani, uso unasimama umbali gani, na kuna nini katikati. Akataka kitu cha kusimama badala ya mgonjwa, akasema mwili wa mtu kwa sehemu kubwa ni maji, je, kwenu kuna nini chenye maji mengi kama mwili?

Ephrasia akamjibu, "Kwetu chenye maji ni mgomba."

Tukakata shina la mgomba nyuma ya jiko la hospitali, tukalisimamisha mbele ya taa, na mahali pa kichwa cha daktari tukaning'iniza kibuyu, ambacho Ndugu Lukmani alikibandika vipande vidogo vya filamu mahali pa macho. Ephrasia akakivika kibuyu kofia ya Daktari, akasema, "Mgonjwa hakohoi na Daktari hagombi. Laiti kazi ingekuwa hivi kila siku." Tulicheka sote, na shemeji alicheka akiwa ameelekeza uso dirishani, si kwenye kibuyu.

Ndugu Lukmani alipomaliza kuzisafisha filamu zake alifurahi. Akasema, "Kwa kioo hiki, Daktari, macho yako hayana cha kuogopa." Kisha akauliza, kama mtu anayefunga mlango ambao tayari umefungwa, "Na kioo ni hiki hiki tangu mwanzo?"

"Ndicho," akasema shemeji. Akageuka upande niliokuwapo, au upande aliodhani nipo, akasema, "Au sivyo?"

Bibi Zabibu, sikusema ndiyo. Sikusema siyo. Nilikohoa. Ndugu Lukmani akakichukua kikohozi changu kuwa ni jibu, akaenda zake Biharamulo na Ngara, akiahidi kupita tena kwetu baada ya Pasaka, kuhakikisha maelezo yake kabla ya kupanda meli ya Mwanza.

Kabla hajaondoka alialikwa nyumbani kwa shemeji, nami nilikuwapo. Dada alileta akamwani, ile kahawa ya kutafuna, katika kikapu kidogo kama ilivyo desturi, na kwa desturi mwenye nyumba ndiye anayemkaribisha mgeni kwa mkono wake. Shemeji akanyoosha mkono, ukafumbata hewa kando ya kikapu. Dada akakisogeza kikapu chini ya mkono wake upesi, jinsi unavyomsogezea chuchu mtoto mchanga, na mgeni hakuona, akatafuna akasifu. Mimi niliona, na dada aliona kwamba nimeona.

Nilimfuata shemeji shambani siku iliyofuata, nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba maelezo yale hayakuwa kamili. Alikuwa akigusa majani ya kahawa kwa vidole. Akanijibu, "Macho ni ya nani?"

Nikasema, "Ni yako, shemeji."

"Basi niachie. Wakijua, wataniita Dar es Salaam, wataniweka nyuma ya meza, nipige mihuri. Na watoto wa huku kwetu Ihangiro atawamulika nani? Wewe?" Akaliacha jani, akashika jingine. "Na wale waliopiga makofi, utawaambia walipigia makofi nini?"

Dada naye, nilipomwendea, alisema maneno ambayo hayanitoki. "Kaka, huyu bwana namjua. Ukimvua kazi hii hatakufa, lakini hatakuwapo. Mwache aone kidogo alichobakiwa nacho." Kisha akaniuliza, "Kwani ukisema, macho yatarudi?" Nikaondoka, maana nijuavyo hayatarudi.

Hivyo basi, Mshauri wangu, naomba unielekeze. Nikisema, ninamwaibisha mtu aliyenitoa kwenye jembe, aliyetukinga sote kwa uso wake mwenyewe, na ninaivunja nyumba ya dada yangu. Nisiposema, makadirio yatatoka yakiwa ya uongo, yataandikwa kwamba macho ya shemeji hayakupata kitu, na ugonjwa wake utaitwa uzee, hali hajafikia uzee. Je, kukohoa kwangu kunaweza kuhesabiwa kuwa ni uongo? Na je, kuna namna ya kusema kweli bila kutoa sauti?

Wako mtiifu, asiyelala kwa raha,
Mwenye Mashaka, Muleba


BIBI ZABIBU ANAJIBU

Ndugu yangu Mwenye Mashaka,

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaitanguliza mbele ya nyingine zilizokuwa zikingoja, kwa sababu Pasaka haitakungojea wewe ukamilishe sentensi zako. Unaandika vizuri. Unaandika vizuri kupita kiasi. Umepanga maneno yako kama mtu ajengaye ukuta wa mawe, jiwe juu ya jiwe, na ulipomaliza ukajificha nyuma yake. Huko nyuma ya ukuta ndiko alikokuweka shemeji yako kwa huruma yake, lakini sasa toka.

Ulichoniuliza kuhusu kikohozi nakujibu upesi. Ndiyo, ni uongo. Ulijua kitachukuliwaje, ndiyo maana ukakohoa. Hilo tumemaliza, usilirudie rudie moyoni kama tasbihi, halimsaidii mtu.

Pole nakupa, na ninaitoa kwa dhati. Nimewaona wanaume wengi katika safu hii waliojificha nyuma ya wake zao, nyuma ya pombe, nyuma ya dini. Huyu wako alisimama mbele. Alisema kioo ni cha muda, watu wakamzima kwa makofi, naye akabeba peke yake kosa la kamati nzima. Kwa hilo sitamwita mwongo hadharani, na wewe usimwite. Lakini mtu anaweza kuwa shujaa asubuhi na mkaidi jioni, akiwa ni mtu huyo huyo. Ulipomfuata shambani alikuuliza macho ni ya nani, nawe ukajibu ni yake. Ulikosea. Hebu tuhesabu pamoja.

Macho ya kwanza ni ya mtoto wa Bumbire, ambaye moyo wake ulisomwa kwa kidole chako na wewe si daktari. Yupo kisiwani sasa hivi na hujui kama ulisoma sawa. Umenitajia jasho lako, hukunitajia jina lake.

Macho ya pili ni ya madaktari usiowajua. Huyo kijana Lukmani hatembei mkoani kwa ajili ya kufurahia akamwani. Anachokadiria kwenu kitasomwa na watu wa hospitali nyingine, nao watasema, kule Muleba daktari amemulika miaka mingi macho yakabaki salama. Je, ni ninyi peke yenu mliovunja kioo nchi hii? Ni ninyi peke yenu mlioambiwa hakuna fedha za kigeni, mkapeleka kipimo kwa fundi? Pengine leo hii, katika chumba fulani cha giza, kuna daktari mwingine anasimama mbele ya kioo cha dirisha na watu wanampigia makofi. Kikohozi chako kimemfikia na yeye.

Macho ya tatu umeyaficha katika sentensi moja ndogo, katikati ya habari za mtoto wa Bumbire, ukitumaini nitaipita. Unaona duara kuzunguka chemli. Umesema ni moshi wa mafuta. Ndugu yangu, nami nina chemli, na mafuta yangu yanatoka ghala lile lile yanakotoka ya kwenu Muleba, na sioni duara. Kwa muda gani shemeji yako alikuita usimame mahali pake, kabla kioo cha zawadi hakijafika? Hukuandika. Mtu aliyeapa kutotia kosa la ukweli katika barua yake ameliacha shimo katikati yake. Nenda kapimwe macho. Ephrasia naye apimwe, maana ni mwenzenu wa chumba kile, na usimpeleke yeye kesho na wewe ukaenda kesho kutwa. Nendeni pamoja.

Dada yako ameuliza kama macho yatarudi, nawe ukaondoka bila kumjibu. Nimemuuliza daktari mmoja wa macho hapa mjini, bila kutaja jina la mtu. Anasema macho yanayofifia kwa namna hiyo kwa kawaida yana mtoto wa jicho, nao hukatwa, na wengine huona tena, wengine huona kiasi, na wengine, wakichelewa, hawaoni kabisa. Lakini aliniambia pia kwamba mpasuaji huuliza kwanza ugonjwa umetoka wapi, na shemeji yako hana cha kumjibu ila "uzee". Basi mjibu dada yako hivyo. Simwahidi kitu. Ninachosema ni kwamba huko kumwachia alichobakiwa nacho ndiko kunakokimaliza.

Sasa kuhusu heshima, ambayo umeitaja mara nyingi. Mimi ni Mwislamu wa mjini, lakini nimezaliwa Bukoba na nimekaa na Wahaya hadi mvi. Shemeji yako ndiye aliyekuja kuposa kwenu. Yeye ndiye aliyeketi chini siku ile, baba yako akiwa juu. Kazini yeye ni mkubwa wako, sawa, lakini katika jambo la nyumba ya Alistidia wewe ni upande wa wenye binti, na mkwe husikiliza. Umeigeuza mila juu chini kwa sababu alikupa kazi. Kazi ni kazi. Dada ni dada.

Fanya hivi.

Gazeti hili litafika nyumbani kwao Jumamosi, na wewe mwenyewe umenieleza ni nani atakayemsomea. Majina nimeyabadili, lakini kibuyu na mgomba sikuweza kuvibadili, na atajijua kabla hajafika katikati. Usimwachie dada yako kazi hiyo. Ndiyo sababu nakala ya jibu hili nimekutangulizia kwa basi la Muleba. Ukiipata, nenda siku hiyo hiyo, mchana, wakiwapo wote wawili. Ukiletewa akamwani, kipokee kikapu wewe, umtilie kahawa mkononi, mbele ya mkewe, bila kujifanya huoni. Hilo litasema nusu ya neno. Nusu nyingine utasema kwa mdomo: "Shemeji, Lukmani akirudi, nitamwambia." Huombi ruhusa. Unamwarifu, ili apate nafasi ya kusema mwenyewe kabla yako. Akikasirika, kaa. Akinyamaza, kaa. Usitoke hadi umalize kahawa yako.

Akisema mwenyewe siku Lukmani atakaporudi, wewe simama tu kando yake na usiongeze neno. Asiposema, utasema wewe, yeye akiwapo. Usimfuate Lukmani barabarani wala gatini, usimwandikie. Ninakujua sasa, utataka kumwandikia, na itakuwa barua nzuri.

Uliniuliza kama kuna namna ya kusema kweli bila kutoa sauti. Kuna moja, nayo itakuja baada ya sauti, si badala yake. Kile kioo cha dirisha kipo. Kinaifunika hati ya pongezi barazani. Kishushe. Katibu wa tawi akiuliza, mwambie kinahitajika kazini, na ndiyo kweli. Hati haitakufa kwa vumbi la siku moja. Mwombeni Lukmani akirudishe katika fremu ya mashine, pale kilipokuwa miaka yote. Kateni mgomba mwingine, wa zamani utakuwa umekauka. Ning'inizeni kibuyu, na safari hii shemeji yako mwenyewe akiweke umbali aliokuwa akisimama, kwa mkono wake, maana hilo halihitaji macho, mwili unalikumbuka. Kisha Lukmani aulize muda na siku, na yeye ajibu. Hayo ndiyo makadirio. Yatakuwa makubwa, na nadhani kila mtu chumbani atanyamaza, na sina cha kukupa cha kuufanya ukimya huo uwe mwepesi. Pengine atapelekwa Dar es Salaam. Pengine watoto wa Ihangiro watakaa muda bila daktari wa kuwamulika, na watakaobeba hilo ni wao na mama zao. Sitakudanganya kwamba kweli haimwumizi mtu.

Lakini taa itakapowashwa, tokeni nje nyote, Daktari na Ephrasia na wewe, mfunge mlango, muuache mgomba na kibuyu humo ndani. Na wewe, ndugu yangu, usichungulie.

Bibi Zabibu